UZI: Koma ya Kiingereza haifuati pumzi

KalamuNyekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi inayonilisha ni kupitia ripoti na maandiko ya kuomba ruzuku yaliyoandikwa kwa Kiingereza kabla hayajaenda kwa wafadhili. Wanaoyaandika ni watu wenye shahada zao, msamiati wanao, nyakati za vitenzi wanazipanga sawasawa. Ila ukifika kwenye koma, unakuta zimemwagwa kama chumvi iliyotiwa gizani: hapa nyingi, pale hakuna kabisa. Ukimuuliza mwandishi kwa nini kaweka hapa na si pale, jibu ni moja: "Hapo nimepumua."

Si jibu la kijinga. Ndivyo tulivyofundishwa wote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: nukta simama, koma pumua kidogo. Hoja yangu kwenye uzi huu ni kwamba kwa Kiingereza kinachoandikwa leo kanuni hiyo inakupoteza. Koma yao ya sasa inaangalia muundo: kiima kimeishia wapi, kitenzi kimeanzia wapi, kishazi gani kinaweza kung'olewa sentensi ikabaki salama. Mapafu yako hayahusiki.

Ni mrefu. Wenye bando dogo mnisamehe.

PUMZI ILITOKA WAPI

Kabla hujamsema mwalimu wako wa darasa la tano, jua kwamba hakutunga. Kwa karne nyingi kanuni ya pumzi ilikuwa sahihi, kwa sababu watu walisoma kwa sauti. Wagiriki wa kale waliandika maneno yakiwa yameshikana, bila nafasi. Karibu mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, alibuni vinukta vya kuweka juu, katikati au chini ya mstari, kila kimoja kikimwambia msomaji asimame kwa muda gani. Alama hizo zilikuwa za mdomo. Sarufi haikuwemo.

Umbo la koma tunalolijua sisi, kile kimkia, lilikaa sawa mikononi mwa wachapaji wa Venice mwishoni mwa karne ya 15. Aldus Manutius na mchonga herufi wake Francesco Griffo ndio hao hao waliochapa nukta-mkato (;) ya kwanza, mwaka 1496, kwenye kijitabu cha Pietro Bembo kuhusu safari yake ya kupanda mlima Etna.

Halafu akaja Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia York, Uingereza. Kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1795 kilipanga mambo kwa hesabu: koma ni kituo kifupi kuliko vyote, nukta-mkato ni mara mbili ya koma, nukta pacha (:) ni mara mbili ya nukta-mkato, na nukta ni mara mbili ya nukta pacha. Yaani ukihesabu moja kwenye koma, kwenye nukta unahesabu nane. Kitabu hicho kilichapwa na kurudiwa kuchapwa pande zote mbili za Atlantiki katika karne ya 19. Ukoo wa "pumua kidogo" ndio huo.

Kilichobadilika ni msomaji. Ripoti yako hakuna atakayesimama kuisoma mbele ya watu; mfadhili anaipitishia macho kimyakimya, pengine akiwa kwenye treni. Msomaji wa kimya hana haja ya kuambiwa apumue. Anataka kuonyeshwa kipi kimeshikana na kipi.

Ukitaka kuona kipindi ambacho mikono yote miwili, wa pumzi na wa muundo, ilikuwa inashika kalamu moja, soma marekebisho ya pili ya katiba ya Marekani, yale ya haki ya kumiliki silaha, yaliyopitishwa mwaka 1791: "A well regulated Militia, being necessary to the security of a free State, the right of the people to keep and bear Arms, shall not be infringed." Tazama koma ya mwisho, ile ya baada ya "Arms". Imetenganisha kiima na kitenzi chake. Mtu wa karne ya 18 alishaongea maneno mengi, akapumua, akaweka koma. Mhariri wa leo angeifuta bila kufikiri. Hata nakala zilizozunguka wakati ule zilitofautiana idadi ya koma. Pamoja na hayo, mwaka 2007 majaji wa rufaa wa Washington walijenga sehemu ya hoja yao juu ya koma ya pili ya sentensi hiyo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, katika kesi ya Heller, iligawanyika 5 kwa 4 juu ya maana ya sentensi nzima. Bunduki za taifa zima zimekalia sentensi iliyoandikwa na watu waliokuwa bado wanapumua.

Kufika mwaka 1906 upepo ulishageuka. Ndugu wawili wa Kiingereza, H. W. Fowler na F. G. Fowler, walikuwa wanawaambia waandishi watumie alama chache kadiri zinavyotosha kufanya kazi. Kiingereza tunachoombwa kuandika leo ni cha baada ya hao.

PANAPOTUUMIZA

Naanza na ugonjwa mkubwa kuliko yote, koma kati ya kiima na kitenzi. Mfano niliotunga, ila una ndugu wengi mezani kwangu: "The farmers who attended the training in Kigoma and Katavi, were given seeds." Kiima ni kirefu, mwandishi kachoka, kapumua. Koma hiyo haina kazi, itoke. Kiima kiwe na maneno mawili au ishirini, hakitenganishwi na kitenzi chake kwa koma moja. Zikiwa mbili zinazozungushia maelezo ya kando, sawa. Moja peke yake, hapana.

Ugonjwa wa pili una asili yake nyumbani kwetu, ndiyo maana ni mgumu kupona. "The road was bad, we arrived late." Mwingereza akiona hivyo anakunja uso: sentensi mbili kamili zimebandikwa kwa koma. Sisi haitusumbui, kwa sababu kwa Kiswahili "Barabara ilikuwa mbovu, tukachelewa" ni sentensi safi kabisa. Safi kwa nini? Kwa sababu -ka- imeshafanya kazi ya kuunganisha ndani ya kitenzi. Koma iko pale kwa heshima tu. "Tulifika, tukala, tukalala," kila tendo limeshikwa mkono na lililotangulia. Kiingereza hakina -ka-. Vitenzi vyao havishikani vyenyewe, kwa hiyo kati ya sentensi mbili kamili lazima uweke kiunganishi ("so", "and", "but"), au nukta-mkato, au nukta. Koma peke yake haibebi mzigo huo, isipokuwa kwenye vipande vifupi sana vinavyofuatana, mfano ule msemo wa Julius Caesar kwa Kiingereza: "I came, I saw, I conquered."

Mtoto wa ugonjwa huo ni "however". "We planned to start in March, however, the rains came early." Hiyo naikuta hata kwenye maandishi ya wakurugenzi. "However" si kiunganishi kama "but", ni kielezi; haiwezi kufunga sentensi mbili. Weka nukta au nukta-mkato baada ya "March", kisha "however" ifuatwe na koma yake. Ukitaka kukwepa usumbufu wote, andika "but" uendelee na maisha.

Sasa panapogusa mfuko. Linganisha hizi mbili:

"The teachers who arrived late were not paid."

"The teachers, who arrived late, were not paid."

Maneno ni yale yale, mpangilio ule ule. Ya kwanza inasema wapo waliochelewa na wapo waliowahi, na waliochelewa ndio hawakulipwa. Ya pili inasema walimu wote walichelewa na wote hawakulipwa. Kuchelewa kumetajwa kama habari ya pembeni. Kama wewe ni mkaguzi wa hesabu na unasoma ya pili, utauliza fedha za semina zilikwenda wapi, maana hakuna mwalimu hata mmoja aliyelipwa. Sisi tunasema "Walimu waliochelewa hawakulipwa" na mara nyingi tunaelewana kwamba ni baadhi. Tukitaka ile ya pili tunaongeza neno: "Walimu, ambao wote walichelewa, hawakulipwa." Kiingereza hakiongezi neno, kinaongeza koma mbili. Mtu anayeweka koma kwa pumzi anaweza kubadilisha orodha ya malipo bila kujua.

KOMA ILIYOLIPA MADEREVA

Wanaosema haya ni mambo ya walimu wa lugha wasome hii. Jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo wanaofanya kazi fulani za vyakula, na kazi zenyewe zilitajwa hivi: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of" mazao, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika.

Angalia mkia wa orodha. Kama kungekuwa na koma baada ya "shipment", kusambaza kungekuwa kazi inayojitegemea, na madereva, ambao kazi yao ni kusambaza, wasingepata kitu. Koma haipo. Wakili wao akasema kazi iliyotajwa pale ni moja tu, kufungasha: kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza. Na madereva hawafungashi.

Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwapa ushindi. Jaji David Barron alifungua hukumu kwa kusema kwamba kesi ipo kwa sababu koma haipo. Mwaka 2018 pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 5.

Lakini mitandaoni kesi hii inasimuliwa vibaya, kana kwamba jaji aliona koma haipo akagonga nyundo. Hoja zilikuwa nyingi. Kazi nyingine zote kwenye orodha zinaishia na "-ing", ila "distribution" imekaa kivyake, inafanana na "shipment". Kampuni nayo ilikuwa na hoja nzito: mwongozo wa kuandika sheria wa jimbo lenyewe ulikuwa unawakataza waandishi kuweka koma hiyo ya mwisho, na zaidi ya hapo, bila kuhesabu "distribution" kama kazi, orodha haina "or" kabla ya kazi yake ya mwisho. Mahakama ilisema maneno yana utata, na sheria za mishahara za Maine zikiwa na utata zinasomwa kwa kumpendelea mfanyakazi. Hapo ndipo pesa zilipotoka. Baadaye bunge la jimbo likaiandika upya ile orodha, likatia nukta-mkato kila mahali na kubadilisha "distribution" kuwa "distributing". Walishaumwa na nyoka.

Naweka kituo hapa. Maswali karibuni.

---

Kisiki

Siti ya mbele. Mkuu umeshusha nondo.

---

Ticha wa Zamu

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini umetuonea walimu. Nina darasa la watoto zaidi ya 100 na ubao mmoja. Unataka nimfundishe mtoto wa miaka 11 "kishazi tegemezi kisichobainisha" kwa lugha ambayo anaisikia shuleni tu? Pumzi anaielewa. Nikimwambia "soma kwa sauti, pale sauti inaposhuka weka kituo", mara nyingi anapatia. Wewe unahariri watu wazima, ndiyo maana unaona makosa. Huoni wale waliopatia kwa njia hiyo hiyo.

---

KalamuNyekundu

Mwalimu, hapo umenibana na sina ubishi na darasa la watoto 100. Kweli pumzi na muundo vinakutana mara nyingi, la sivyo kanuni isingedumu miaka yote hiyo. "When the rain stopped, we left": unapumua, na koma inatakiwa. Vinaachana kwenye sentensi ndefu, na mtoto haandiki sentensi ndefu. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayerudi baadaye kumwambia kwamba ile ilikuwa ngazi ya kupandia. Anafika chuo kikuu nayo.

Kuna kipimo kimoja hakihitaji istilahi hata moja, jaribu kwa wakubwa kidogo, hata kidato cha kwanza. Funika kwa kidole kile kilichoko kati ya koma mbili. Kilichobaki kisome. Kama kinasimama na maana ya msingi haijaguswa, koma zote mbili zina haki ya kuwepo. Kama kimeanguka, zote mbili zitoke. Hakuna kuacha moja. "My brother, who lives in Mwanza, is a nurse." Funika, inabaki "My brother is a nurse". Imesimama, na kwa koma hizo msomaji anaelewa nina kaka mmoja tu. Ukiwa na kaka watatu na unamsema wa Mwanza, koma zitoke.

---

Mto Ruzizi

Bonjour kutoka Bujumbura. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna mateso yetu. Nimefanya kazi na Watanzania, kila barua yangu ya Kiingereza wananirudishia kwa sababu naacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza na kabla ya nukta pacha. Kwetu ndivyo ilivyo sahihi. Na namba ndiyo balaa zaidi, nikiandika 2,500 mimi nawaza mbili na nusu.

---

KalamuNyekundu

Ndugu yangu wa Ruzizi, kwa Kifaransa uko sahihi asilimia mia. Wafaransa wanaacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta pacha na nukta-mkato. Kiingereza kinabana alama zote kwenye neno lililotangulia. Hili ni suala la mashine zaidi kuliko la akili: badilisha lugha ya kompyuta yako iwe Kiingereza kabla ya kuandika, kwa sababu programu ikidhani unaandika Kifaransa itakuwekea nafasi hizo yenyewe.

Kuhusu namba, hapo usifanye mzaha. Kwa mfumo wa Kiingereza, ambao Tanzania, Kenya na Uganda wanaufuata, koma inatenga maelfu na nukta inatenga desimali: 2,500.75. Kwa Kifaransa koma ndiyo ya desimali na maelfu yanatengwa kwa nafasi: 2 500,75. Ripoti inayotoka Bukavu kwenda Nairobi yenye "lita 2,500" inaweza kusomwa kama lita mbili na nusu au kama tangi zima. Kwenye ripoti za nchi mbili mimi nashauri maelfu yatengwe kwa nafasi kwa kila upande, na desimali muandike kwenye ukurasa wa kwanza mnatumia ipi.

Na usidhani Kifaransa ni cha kuleta shida tu. Kanada kulikuwa na mkataba wa kutumia nguzo za simu kati ya kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant. Ulisema utadumu miaka mitano, na baada ya hapo vipindi vingine vya miaka mitano, koma, isipokuwa ukivunjwa kwa taarifa ya mwaka mmoja. Rogers waliamini miaka mitano ya kwanza haiguswi. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya Kanada ikasema hapana, ile koma kabla ya "unless" inafanya ruhusa ya kuvunja ihusu kipindi cha kwanza pia. Rogers wakaenda kuchimba wakaibuka na nakala ya Kifaransa ya mkataba wa mfano ambao wao walikuwa wameufuata, ambako maana yao ilionekana wazi bila kutegemea koma. Mwaka 2007 mamlaka ikageuza uamuzi kwenye hoja hiyo. Kifaransa ndicho kiliwaokoa.

---

Wakili Mtarajiwa

Niko mwaka wa tatu sheria. Mbona mikataba ya zamani na hati za viwanja tunazosoma zina aya ya nusu ukurasa bila koma hata moja? Wale Waingereza hawakujua?

---

KalamuNyekundu

Walijua sana, ndiyo maana walizikimbia. Kwa muda mrefu mahakama za Uingereza zilishikilia kwamba alama za uandishi si sehemu ya sheria, kwa kuwa hati za asili za bunge ziliandikwa bila alama za kutegemewa na makarani au wachapaji ndio waliotia. Mwanasheria akaona bora aandike sentensi ambayo maana yake haiwezi kuyumba hata koma zikiibwa. Ndiyo chanzo cha yale ma-"said" na "aforesaid" yanayojirudia: yanafanya kazi ambayo koma ingefanya.

Kesi ya kukumbuka hapo ni ya Roger Casement, 1916. Alishtakiwa London kwa uhaini kwa sababu alikwenda Ujerumani wakati wa vita kuwashawishi mateka wa Kiayalandi wapigane upande wa pili. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani. Ilizungumzia mtu anayeshikamana na maadui wa mfalme ndani ya ufalme wake, akiwapa msaada ndani ya ufalme "au kwingineko". Utetezi ukasema "au kwingineko" inahusu tu mahali msaada unapofika. Casement mwenyewe alikuwa Ujerumani, kwa hiyo sheria haimgusi. Mashtaka yakasema maneno hayo yanahusu sentensi yote. Majaji walikwenda kuangalia hati yenyewe ya ngozi kwenye hifadhi ya nyaraka, wakakagua vistari vya mwandishi wa karne ya 14 kuona kama ni vituo au ni mikunjo tu. Utetezi ulishindwa. Alinyongwa gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo watu husema alinyongwa kwa koma.

Ukweli ni kwamba hata bila vistari vile wangemtia hatiani, kwa sababu waandishi wa sheria wa karne zilizotangulia walishaisoma hivyo. Lakini majaji kuiendea ngozi ya miaka zaidi ya 560 na kuiinamia wakitafuta alama, hiyo ilitokea.

---

Mto Ruzizi

Huyo Casement si ndiye aliyekuwa konseli wa Uingereza Kongo, aliyeandika ripoti ya mateso ya wachuma mpira wa miti wakati wa mfalme Leopold wa Ubelgiji?

---

KalamuNyekundu

Ndiye. Ripoti ilitoka mwaka 1904, na serikali iliyoichapisha ndiyo iliyomnyonga miaka kumi na miwili baadaye. Tukiingia huko tunahamisha uzi, anzisha wako nitakuja kuchangia.

---

Bodaboda Msomi

Mnajitesa bure. Kiingereza si chetu. Wazungu wenyewe kwenye simu hawaweki koma wala nukta na maisha yanaenda. Mwanangu wa sekondari anasema nikiweka nukta mwisho wa meseji anadhani nimekasirika 😂

---

KalamuNyekundu

Mwanao yuko sahihi, kwenye meseji kutuma ndiyo nukta, kwa hiyo ukiongeza nyingine inaonekana umefunga mlango. Meseji ni maongezi. Hapa tunasema habari za maandishi yanayosomwa na mtu asiyekujua, ambaye hawezi kukupigia kuuliza ulimaanisha nini. Na kuhusu "si chetu": mkataba wa mkopo wako wa pikipiki umeandikwa kwa lugha gani?

---

Binti Makorora

Dada yenu nauliza. Ile koma kabla ya "and" kwenye orodha, naweka au siweki? Bosi wangu wa zamani alikuwa anaifuta, wa sasa anairudisha.

---

KalamuNyekundu

Dada, hao wote wawili wana vitabu vyao. Matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford inaiweka. Horace Hart aliyekuwa akiisimamia aliwaandalia wafanyakazi wake kanuni za uchapaji mwaka 1893, zikauzwa kwa umma mwaka 1904, na jina la koma ya Oxford limetokana na nyumba hiyo. Mwongozo wa Chicago, uliotoka 1906, nao unaitaka. Magazeti mengi ya Uingereza hayaiweki, na mwongozo wa shirika la habari la Associated Press unasema usiiweke kwenye orodha rahisi.

Watetezi wake wanapenda kusema inaondoa utata. Mara nyingi ndiyo. "I thank my parents, the bishop and the district commissioner" inaonekana kana kwamba umezaliwa na askofu na mkuu wa wilaya. Weka koma kabla ya "and" na aibu inaisha. Lakini igeuze: "I thank my mother, the bishop, and the district commissioner." Sasa koma ile ile imemfanya mama yako kuwa askofu. Kwa hiyo hakuna dawa hapo. Uliza ofisi inafuata mwongozo gani, fuata huo mwanzo hadi mwisho, na sentensi ikileta utata ipindue: "I thank the bishop, the district commissioner and my mother." Mimi mwenyewe naipenda iwepo, ila nikihariri kazi ya Mwingereza naifuta bila kinyongo.

---

Wakili Mtarajiwa

Na alama za kunukuu je? Koma inakaa ndani au nje? Msimamizi wangu kasoma Marekani, mtahini wa nje katoka Uingereza.

---

KalamuNyekundu

Pole. Mmarekani anaingiza koma na nukta ndani ya alama za kunukuu hata kama si za maneno yaliyonukuliwa. Mwingereza anaziingiza ndani zikiwa ni za mnukuliwa, vinginevyo zinabaki nje. Kimantiki Mwingereza ana haki. Nukta-mkato na nukta pacha wote wawili wanaziacha nje. Fuata mwongozo wa chuo chako, ukiwa haupo mfuate anayesaini kwanza.

---

Kisiki

Mkuu, nirekebishie hii, ni ya barua yangu ya kazi: "I hereby, apply for the post of Accountant, as advertised in, the newspaper dated, 12 March."

---

KalamuNyekundu

Zote nne zitoke, hakuna inayopona. "Hereby" imeshikamana na kitenzi chake, "in" imeshikamana na gazeti, "dated" na tarehe. Ile ya baada ya "Accountant" wengine wangeivumilia, mimi siioni kazi yake. Tarehe ya Kiingereza cha Uingereza haina koma, hata ukiongeza mwaka: 12 March 2024. Ukiwa unaomba kwa Wamarekani geuza, "March 12, 2024", na kama sentensi inaendelea weka koma nyingine baada ya mwaka. Ukianza na "Dear Sir" bila koma, basi na "Yours faithfully" iache bila koma. Ukiweka juu, weka na chini. Halafu hiyo "hereby" nayo itoe. "I apply for the post" inatosha.